Mji wa Maji Moto na Hoteli ya Pupp

Katika nchi ya Cheki, upande wa magharibi karibu na mpaka wa Ujerumani, liko bonde jembamba ambamo mto mdogo uitwao Teplá hupita kati ya vilima vyenye misitu. Maana ya jina hilo kwa Kicheki ni "wa vuguvugu", nao mto haukupewa jina hilo bure, kwa kuwa chini ya bonde lile ardhi huchemka. Chemchemi kubwa kuliko zote, ambayo Wacheki huiita Vřídlo na Wajerumani Sprudel, hurusha maji yenye joto la digrii 73 hata kimo cha mita 12 hivi, na kila dakika hutoa lita zipatazo 2,000. Mtu wa Kenya aliyepata kufika ziwa Bogoria, akayaona maji yakiruka na mvuke ukitanda, hatashangaa sana. Bogoria watalii huchemsha mayai, wakapiga picha, wakaenda zao. Katika bonde la Teplá watu walijenga mji mzima kwa ajili ya maji hayo, na mwisho wa mji, pale mto unapopinda, wakajenga hoteli ambayo historia yake nataka kuieleza hapa.

Mji huo huitwa Karlovy Vary. Kwa karne nyingi, wakati wenyeji wake walipokuwa Wajerumani, dunia iliujua kwa jina la Karlsbad, yaani Maji ya Karl. Karl huyo ni Kaisari Karl wa Nne, aliyekuwa pia Mfalme wa Bohemia. Masimulizi ya wenyeji yasema kwamba alikuwa akiwinda paa katika misitu ile, na mbwa wake mmoja akatumbukia katika maji moto akalia kwa uchungu. Wawindaji walipomkimbilia ndipo chemchemi ilipojulikana. Habari ya mbwa ni hadithi. Lililoandikwa katika hati ni kwamba tarehe 14 Agosti 1370 Kaisari aliupa mji haki zake.

Hapo mwanzo matibabu yalikuwa mazito kuliko ugonjwa. Mgonjwa alitiwa katika maji moto akakaa humo saa nyingi kwa siku, hata ngozi ikapasuka, kwa kuwa waganga waliamini kwamba ubaya wa mwili hutoka kwa njia hiyo. Mwaka 1522 daktari aitwaye Václav Payer alichapisha kitabu akiwashauri wagonjwa wayanywe maji pia, wala wasioge tu. Lakini aliyeweka taratibu za kweli ni daktari mwingine, David Becher, katika karne ya 18. Huyu aliyapima maji, akajua chumvi zilizomo, akaagiza wagonjwa wanywe kwa kipimo, tena pale pale kwenye chemchemi, na baada ya kunywa watembee.

Tangu hapo mwendo wa siku ukawa mmoja kwa wote. Mgeni aliamka alfajiri, akaenda chemchemini na kikombe chake, akapokea maji, akayanywa polepole huku akitembea katika baraza ndefu zenye nguzo na bendi ikipiga muziki. Kisha kikombe cha pili, na cha tatu. Baada yake alipanda kilimani kwa miguu, na ndipo aliporuhusiwa kula, tena chakula kidogo. Maji yenyewe yana ladha ya chumvi na uvuguvugu usiopendeza, nayo huendesha tumbo. Magonjwa yaliyotibiwa yalikuwa hasa ya tumbo, ini, kisukari na jongo. Kwa maneno mengine, yalikuwa magonjwa ya watu waliokula nyama nyingi na kunywa mvinyo mwingi mwaka mzima bila kufanya kazi ya mikono. Mkulima wa Nyeri au wa Kakamega anayeamka kabla ya jua, akapanda mlima na jembe begani, na kula kiasi alichojaliwa, hufanya karibu matibabu yote ya Karlsbad isipokuwa ile chumvi, wala hatozwi kitu. Lakini makabaila wa Ulaya walihitaji daktari wa kuwaamuru hayo, na mji mzuri wa kuyafanyia.

Nao walikuja. Peter Mkuu, Kaisari wa Urusi, alifika mwaka 1711, akarudi mwaka 1712. Wakuu wa Saksonia, nchi iliyo ng'ambo ya milima upande wa kaskazini, walifika kwa wingi pamoja na watumishi, farasi na wapiga muziki wao. Mgeni mkubwa alipokaribia, mpiga tarumbeta aliyekaa katika mnara wa mji alipuliza salamu, na watu wakatoka nje kuona ni nani aliyekuja. Tena tangu mwishoni mwa karne ya 18 wakuu wa mji walichapa orodha ya wageni, ikaonyesha jina la kila mmoja, cheo chake, nchi yake, na nyumba aliyopanga.

Sisi tunaokula mshahara kwa kuandika madaftari hatuwezi kuipita orodha hiyo bila kuitazama. Humo mwana wa mfalme ana mstari wake, na mjane wa jenerali ana wake, na mfanya biashara wa Leipzig ana wake. Watumishi hawana. Wao huandikwa kwa pamoja nyuma ya jina la bwana wao, kwa maneno mafupi tu, "pamoja na watumishi", kana kwamba ni masanduku. Wasichana waliosimama kwenye chemchemi toka alfajiri, wakijaza vikombe vya wageni, hawamo kabisa. Hata hivyo orodha ile ilikuwa na kazi yake: kabaila aliyefika jioni aliisoma ili ajue nani yuko mjini, ampelekee nani kadi yake kesho, na amkwepe nani.

Watu wa namna hiyo hawawezi kunywa maji asubuhi kisha wakalala mchana kutwa. Walitaka mahali pa dansi, karata na karamu. Basi mwaka 1701, mwisho wa mji penye pindo la mto, ulijengwa ukumbi ulioitwa Ukumbi wa Saksonia, kwa kuwa wakuu wa Saksonia ndio waliokuwa wateja wake. Baadaye ukajengwa mwingine karibu nao, ukaitwa Ukumbi wa Bohemia. Kumbi hizo mbili zilishindana, na mbele yake palikuwa na miti ya kivuli ambayo wageni waliketi chini yake wakinywa kahawa.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye jina lake lingali katika jengo lile hata leo, wala hakuwa kabaila. Mwaka 1759 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Karibu na mwaka 1760, wakati mji ulipokuwa ukijengwa upya, alifika kijana mmoja, kazi yake kutengeneza keki na peremende, jina lake Johann Georg Pupp. Alifanya kazi mjini humo, akamwoa binti wa fundi mwenzake wa keki. Mwaka 1775 akanunua sehemu ya Ukumbi wa Bohemia. Msomaji aone neno hilo: sehemu. Hakuwa na fedha za kununua ukumbi mzima. Alinunua kipande, akauza keki, akaweka akiba, kisha akanunua kipande kingine. Na watoto wake na wajukuu wake wakafuata mwendo ule ule, nyumba kwa nyumba na kiwanja kwa kiwanja. Hata ilipofika karibu na mwaka 1890, zaidi ya miaka mia moja baadaye, Ukumbi wa Saksonia wenyewe uliingia mikononi mwa jamaa ya Pupp, nao wakaunda kampuni ya hisa. Katika miaka hiyo yote makabaila waliokunywa kahawa chini ya miti ya Pupp walikuwa wakiuza misitu na mashamba ya baba zao ili walipe madeni ya karata.

Wageni wa Karlsbad hawakuwa makabaila peke yao. Goethe, mtunzi mkuu wa mashairi wa Wajerumani, alikuja mara 13 kati ya mwaka 1785 na 1823. Alikunywa maji, akakusanya mawe ya milima ile, akatunga mashairi ya kuwasifu wake wa makaisari waliofika mjini. Katika kiangazi cha mwaka 1823, akiwa na umri wa karibu miaka 74, alimpenda msichana wa miaka 19, Ulrike von Levetzow, hata akamtuma mtawala wake, Mkuu wa Weimar, akamposee. Posa ilikataliwa kwa adabu. Msichana yule hakuolewa kamwe, akafa mwaka 1899. Beethoven naye alikuwapo mwaka 1812, akapiga piano katika tamasha la kuwachangia watu wa mji wa Baden ulioungua. Chopin alikutana hapo na wazazi wake mwaka 1835 baada ya kutengana nao miaka mingi. Si wote walioondoka wazima: mtoto mdogo wa Mozart, ambaye naye alikuwa mwanamuziki, alifika kutafuta afya mwaka 1844, akafa tarehe 29 Julai, akazikwa huko.

Kuna mkutano mmoja wa wakuu ambao watu wa Ulaya waliukumbuka kwa miaka mingi kuliko dansi zote. Mwezi wa Machi 1819 mwanafunzi wa chuo kikuu alimwua kwa kisu mwandishi aitwaye August von Kotzebue. Metternich, waziri mkubwa wa Austria, akaona hapo nafasi yake. Mwezi wa Agosti aliwakutanisha Karlsbad mawaziri wa dola kadha za Kijerumani. Maazimio yaliyotoka hapo, na kuthibitishwa mwezi wa Septemba, yaliweka wapelelezi katika vyuo, yakafukuza walimu, na kuagiza kwamba gazeti lolote, na kitabu chochote cha chini ya kurasa 320 hivi, kisichapwe mpaka kwanza kisomwe na mkaguzi wa serikali. Kwa nini kurasa 320? Kwa sababu kitabu kinene ni ghali, na husomwa na wachache. Kijitabu chembamba ndicho kinachopita mkono kwa mkono. Mawaziri wale walijua walichokuwa wakikifanya. Sheria hizo zilidumu mpaka mapinduzi ya mwaka 1848, na hata leo katika vitabu vya historia jina la mji wa maji ya dawa ni jina la kufunga vinywa vya watu.

Yamkini ndiyo sababu inachekesha kidogo kwamba miaka 55 baadaye alifika Karlsbad mtu ambaye Metternich angemkamata mara moja. Alijiandikisha kwa jina la Charles Marx, mtu wa London anayeishi kwa mali yake. Alikuwa Karl Marx, naye ini lilikuwa likimsumbua. Alimwandikia rafiki yake Engels kwamba cheo hicho cha uongo kilimfanya atozwe ushuru wa wageni maradufu, lakini kilimwepusha na macho ya polisi. Hakikumwepusha sana, kwani gazeti moja lilimtaja, na polisi wa Austria wakamfuata kimya kimya, wakaripoti kwamba mgeni huyo anakunywa maji yake na kutembea, wala hana neno. Alirudi mwaka 1875 na 1876. Katika orodha ya wageni adui wa makabaila aliandikwa kwa mwandiko ule ule uliowaandika wao.

Reli ilipofika mwaka 1870 mambo yalibadilika upesi. Mgeni wa zamani alisafiri kwa gari la farasi siku nyingi, akakaa wiki nyingi. Mgeni mpya alipanda treni jioni akafika asubuhi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mji ulipokea wageni wapatao 70,000 kwa mwaka, kutoka Urusi, Uingereza, Marekani na Uajemi. Jamaa ya Pupp waliona kwamba mkusanyiko wa nyumba za zamani hautoshi tena. Wakawaita wasanifu wawili wa Vienna, Ferdinand Fellner na Hermann Helmer, waliokuwa wamekwisha kuujengea mji ule jumba la tamthilia. Kazi ilikwenda kwa vipande, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba hiyo, ikakamilika mwaka 1907 kwa ukumbi mkubwa wa sherehe. Mtu akitazama jengo lile kutoka ng'ambo ya mto aona ukuta mrefu mweupe wenye minara, sanamu na vibaraza vya chuma, na vyumba zaidi ya 200. Lakini akipita ndani atagundua kwamba ngazi na njia hupinda mahali ambapo hakuna sababu ya kupinda. Sababu ni kwamba zile nyumba za zamani, zilizonunuliwa moja moja, ziliunganishwa kuwa jengo moja.

Katika miaka hiyo mfalme wa Uingereza, Edward wa Saba, alikuwa akienda kila kiangazi katika mji jirani wa Marienbad, ambao leo huitwa Mariánské Lázně, kupunguza uzito wa mwili wake. Alikaa katika Hoteli Weimar, na mwaka 1904 Kaisari Franz Joseph wa Austria alikuja huko kumwamkia. Wazee wetu walimjua mfalme huyo kwa sura tu, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa katika sarafu za senti zilizotumika Kenya na Uganda wakati ule. Hawakujua kwamba mtu yule wa kwenye sarafu alikuwa akifukuzana na tumbo lake mwenyewe katika bonde la Bohemia, huku akiongea na mawaziri juu ya amani ya dunia kati ya kikombe na kikombe.

Amani haikukaa. Tarehe 12 Mei 1914 walikutana Karlsbad watu wawili ambao majeshi makubwa ya Ulaya yalikuwa mikononi mwao: Moltke, mkuu wa majeshi ya Ujerumani, aliyekuwa akitibiwa huko, na Conrad von Hötzendorf, mkuu wa majeshi ya Austria, aliyekuja kumwona. Walizungumza juu ya vita vitakavyokuja, na Moltke alimwambia mwenzake kwamba kila kuchelewa kunawapunguzia nafasi ya kushinda. Mwezi wa Julai, baada ya mrithi wa ufalme wa Austria kuuawa Sarajevo, Moltke alikuwa tena Karlsbad akinywa maji, akaondoka kurudi Berlin siku chache tu kabla ya vita.

Sisemi kwamba vita vile vilizaliwa mezani pa mji wa maji. Vilizaliwa mahali pengi. Lakini msomaji wa Taita na afuate tarehe: Mei mazungumzo ya Karlsbad; tarehe 15 Agosti mwaka ule ule Wajerumani wameingia Taveta. Mwezi wa Novemba mizinga ililia Tanga. Kisha wakachukuliwa vijana wa Ukambani, wa Kavirondo, wa Kikuyu, wa Unyamwezi na wa pwani, wakatwikwa risasi na unga, wakatembea mpaka mto Rufiji na kuupita. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa wala si risasi. Kutoka Carrier Corps, jina la jeshi hilo la wapagazi, tumepata Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi wengi nao hawakuwa na mstari katika daftari. Walipokufa ilihesabiwa jumla, tena jumla isiyo kamili.

Katika mwezi wa Julai 1918, vita vikielekea mwisho, afisa mmoja wa jeshi la Uturuki alikuja Karlsbad kutibiwa figo. Aliona jioni wanaume na wanawake wakila na kucheza dansi pamoja hotelini bila haya wala ugomvi, akaandika katika kitabu chake cha kila siku kwamba akipata mamlaka atayageuza maisha ya watu wa nchi yake kwa pigo moja. Jina lake lilikuwa Mustafa Kemal; baada ya miaka mitano alikuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Uturuki, na wengi humjua kwa jina la Atatürk. Ikiwa twahesabu wageni kwa matokeo ya ziara zao, sidhani kama kuna kabaila anayemshinda huyu.

Tarehe 28 Oktoba 1918 ufalme wa Austria ulivunjika na Chekoslovakia ikatangazwa. Hoteli ya Pupp ikawa ndani ya jamhuri ambayo wenyeji wengi wa Karlsbad, wakiwa Wajerumani, hawakuitaka. Kwa miaka 20 hoteli iliendelea kupokea matajiri wapya badala ya makaisari wa zamani. Tarehe 24 Aprili 1938 Konrad Henlein, kiongozi wa Wajerumani wa Chekoslovakia waliomfuata Hitler, alitangaza madai yake manane mjini humo. Baada ya mapatano ya Munich jimbo lile lilitolewa kwa Ujerumani, na tarehe 4 Oktoba Hitler alisimama katika roshani ya jumba la tamthilia akahutubia umati. Mwezi uliofuata sinagogi kubwa la mji, lililofunguliwa mwaka 1877, liliteketezwa. Wayahudi, ambao zamani walikatazwa kukaa mjini isipokuwa katika msimu wa wageni, na ambao baadaye walikuwa madaktari, wenye maduka na wateja wa kila mwaka, wakakimbia au wakauawa.

Kisha likaja zamu la Wajerumani wenyewe. Baada ya vita, mwaka 1945 na 1946, Wajerumani karibu milioni tatu waliondolewa Chekoslovakia, wengi wakiruhusiwa kuchukua mzigo mdogo tu. Miongoni mwao walikuwa watu wa Karlsbad, wenye hatia na wasio na hatia: waliomshangilia Hitler, na wapishi, wafua nguo, wachonga vioo na watoto. Mali zao zilichukuliwa na serikali, na hoteli iliyokusanywa kwa kipande na kipande tangu mwaka 1775 ikawa ya serikali kwa karatasi moja. Mji ukabaki na jina la Kicheki peke yake.

Wakomunisti walitwaa serikali mwaka 1948, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 jina la Pupp likashushwa ukutani, pakaandikwa Grandhotel Moskva. Wafanyakazi walitumwa kwa zamu na vyama vyao kunywa maji yale yale waliyokunywa makabaila, na hilo, kwa maoni yangu, halikuwa jambo baya. Karibu kila mwaka, na tangu mwaka 1959 kwa kupokezana na mji wa Moscow, palifanyika tamasha la filamu lililoanza mwaka 1946, nalo likawaleta wachezaji wa sinema kutoka pande zote za dunia. Wenyeji wazee waliendelea kuiita hoteli kwa jina lake la zamani, kama watu wanavyofanya mahali pote barabara ikibadilishwa jina.

Mwishoni mwa mwaka 1989 utawala ule ulianguka, na jina la Pupp likarudishwa. Mwaka 2006 watu wa sinema walikuja na taa zao kutengeneza filamu ya Casino Royale. Hoteli ikaonekana kwa jina la Splendide, katika nchi ya Montenegro, ambako haijapata kuwa. Filamu ya The Grand Budapest Hotel ya mwaka 2014 ilichukua mengi kutoka sura yake, ingawa ilipigwa Ujerumani. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliuandika mji katika urithi wa dunia pamoja na miji mingine 10 ya maji ya dawa, kama Bath ya Uingereza, Vichy ya Ufaransa na Baden-Baden ya Ujerumani.

Wageni waliojaza mji baada ya mwaka 1989 walikuwa hasa Warusi, wajukuu wa nchi ya Peter Mkuu, na wengi walinunua nyumba humo hata mabango ya maduka yakaandikwa kwa herufi zao. Mwezi wa Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, serikali ya Cheki ilisimamisha kuwapa viza Warusi, na mji uliokuwa umekwisha kuumizwa na ugonjwa wa korona ukawapoteza wateja wake wakubwa katika muda wa wiki chache. Wenye nyumba za wageni wakaanza tena kuwatafuta Wajerumani, ambao baadhi yao ni wajukuu wa watu waliofukuzwa mwaka 1945. Hufika kwa basi, hununua kile kikombe chembamba chenye mrija katika mkono wake, na kutembea katika baraza za nguzo wakitafuta nyumba ya bibi yao.

Mgeni asiye na fedha za kulala Pupp hakatazwi kulitazama jengo. Hupita kando ya mto Teplá, akasimama mbele ya ule ukuta mweupe, na akitaka hupanda gari la kamba lililofunguliwa mwaka 1912, ambalo kituo chake kiko nyuma ya hoteli, mpaka mnara wa Diana juu ya kilima. Akishuka akiwa na njaa, katika sehemu ya chini ya hoteli kuna mkahawa unaouza keki, nao unaitwa Café Pupp.